Mti wa Kileleni kwa Roda

Baba yangu alikuwa mwezekaji, na alipofariki aliniachia mundu wake, ngazi yake na wateja wake. Kitu alichosahau kuniachia ni moyo wa kupanda juu. Nikifika kwenye ukingo wa paa magoti huanza kutetemeka bila kuniuliza, na mikono hukamata fito kama mtoto mchanga aliyeshika nywele za mama yake. Watu wa Kebirigo waliniona nikipanda polepole, nikipapasa kila ufito, wakasema, "Onchiri ni mwangalifu." Sikuona sababu ya kuwasahihisha.

Kazi yenyewe niliidharau. Nilikuwa nimesoma kwa mapadri hadi darasa la nne, na mtu wa darasa la nne wakati ule alijiona anastahili kiti. Kiti nilichokitaka mimi kilikuwa ndani ya duka la Farah, Msomali aliyeuza vitambaa, chumvi, taa na misumari mjini Kisii. Nilitembea hadi huko nikiwa nimevaa suruali yangu ya pekee, nikasimama karibu na mlango nikitumaini kufanana na karani. Siku moja Farah akaniuliza nafanya kazi gani.

"Fundi wa majumba, Bwana Farah."

"Majumba yapi? Hapa kwetu nyumba za mawe nazihesabu kwa vidole."

"Ya kule juu, Nyamira."

Akanishika mkono, akaugeuza. Kiganja kilikuwa kimechanikachanika kwa makali ya nyasi.

"Wewe ni mtu wa nyasi," akasema bila ubaya. "Hakuna aibu. Lakini mikono hii ikigusa hariri yangu, nitabaki kuuza nyuzi."

Nikarudi nyumbani na ile aibu aliyosema haipo.

Tangu hapo nikawa naezeka kama mtu anayelipa adhabu. Desturi yetu ilinisaidia kuharibu, kwa sababu mwezekaji hulipwa pombe, na chungu cha wimbi huwekwa kivulini tangu asubuhi akione akiwa juu. Nilikuwa nashuka kukiamkia mara kwa mara. Mapaa yangu ya miaka ile yalikuwa na tabia ya kuinama upande mmoja, na ukitaka kujua kwa nini upande huo, uliza chungu kilikuwa wapi. Mwenye nyumba akija kulalamika kwamba maji yanamdondokea kitandani, nilimjibu, "Ni nyasi tu, ndugu yangu. Ulitarajia nini?"

Mwaka wa 1944 mvua ya mawe ikaipiga Kebirigo ikavuruga migomba, ikaua kuku, na ikanipa mimi kazi nyingi kuliko nilizotaka. Miongoni mwa nyumba zilizoharibika ilikuwa ya Roda, mke wa Obwocha. Paa lake lilitoboka, na mti wake wa kileleni ukaanguka uani.

Mti huo sisi tunauita egechuria. Ni kijiti kilichochongwa, kirefu kama mkono wa mtu, kinachosimama kwenye kilele cha nyumba. Mtu akipita barabarani akauona, anajua mwenye nyumba yu hai, hata kama yuko safarini. Akifa, watu wake wanautoa. Hakuna haja ya kuuliza wala kuelezwa, paa limeshasema.

Sasa Obwocha alikuwa amekwenda vitani Burma na habari zake zilikuwa zimekatika. Mtu mmoja aliyerudi bila mkono alisema aliona lori la kina Obwocha likiungua. Alipoulizwa kama alimwona Obwocha ndani yake, alisema moshi ulikuwa mwingi. Moshi ule ulimtosha Makori, kaka yake Obwocha. Makori alikuwa akilitamani shamba la miti ya miwati la mdogo wake pale mtoni, na kwa desturi mke wa marehemu huingia kwa ndugu wa marehemu, yeye na shamba lake. Roda hakutaka. Alikuwa Msabato mkavu, na Makori alikuwa na wake wawili tayari na hasira ya kuwatosha watatu. Kila jioni Roda alimwambia mwanawe Walter, aliyekuwa bado mdogo, aombe baba arudi salama. Mtu hamwombei maiti arudi salama, na ukoo mzima ulilijua hilo.

Kabla sijaenda kwa Roda, Makori aliniita kwenye chungu chake. Akanipa mrija mrefu na mahali pazuri pa kukaa.

"Onchiri, ezeka vizuri," akasema. "Ila kilele ukifunge kwa kamba tu. Mti ule mvua imeuangusha yenyewe. Sisi ni nani hata tubishane na mvua?"

Mtu mwenye mrija mdomoni hukubali kila kitu. Nilitikisa kichwa. Hata sikuufikiria mti wenyewe. Nilifikiri namna pombe ile ilivyochachuka vizuri.

Jumatano asubuhi nikafika kwa Roda na ngazi begani, nikatazama kivulini. Hapakuwa na chungu. Palikuwa na kibuyu cha uji.

"Mama Walter," nikasema, "naona uji."

"Na mimi nauona," akasema Roda. "Hapa hakunywewi pombe. Ukishiba utapanda."

Hivyo ndivyo nilivyoezeka nyumba kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikiwa na akili timamu. Ilikuwa hali ya kutisha. Niliona kila kitu. Niliona jinsi fundi aliyenitangulia alivyopanga fito zikiwa zimepishana kama meno ya mzee, nikamtukana kwa sauti, kisha nikakumbuka kwamba fundi huyo ni mimi. Niliona umbali kutoka pale juu hadi ardhini, ambao pombe ilikuwa imenificha miaka yote.

Nyasi Roda alikuwa amezikata mwenyewe bondeni, yeye na wanawake wa kanisa lake, zikiwa ndefu na kavu, zimechambuliwa. Alisimama chini akinirushia matita na kutazama kila nililoweka. Mchana wa siku ya kwanza akasema, "Toa hayo ya upande wa mlango."

"Kwa nini?"

"Yamelala. Nyasi zikilala, maji nayo yatalala."

"Mama Walter, ni nyasi tu."

"Kwako ni nyasi," akasema. "Kwangu ndiyo nyumba. Toa."

Nikatoa, nikimlaani moyoni kwa Kigusii na kwa Kilatini kidogo nilichookota kwa mapadri. Nikapanga upya. Akasema bado. Nikapanga tena. Mara ya tatu, kwa hasira, nikaamua nitamwonyesha mwanamke huyu paa ambalo hatapata neno la kulisema, nimnyamazishe. Nikaanza kubana kila tita kwa goti kama baba alivyokuwa akibana, kulaza safu juu ya safu, kulinganisha ncha kwa kiganja. Siku ya pili nikagundua kwamba nilikuwa nimesahau kumchukia. Nilikuwa nimesahau hata kuogopa. Magoti yalikuwa na kazi ya kufanya, yakaacha kutetemeka. Jioni nikashuka, nikarudi nyuma hadi kwenye migomba kulitazama paa, nikasimama pale kama mpumbavu hadi Roda akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Ijumaa jua likaanza kushuka nami sijamaliza. Sabato yao huingia jua likizama, na Roda hakuwa mtu wa kumwibia Mungu hata dakika moja.

"Onchiri! Jua!"

"Naliona!"

"Likigusa kile kilima unashuka, umemaliza hujamaliza!"

Nilikuwa kileleni. Safu ya mwisho ilikuwa imekutana vizuri pande zote, na pale katikati palikuwa na nafasi inayosubiri. Nikanyoosha mkono chini bila kutazama, Roda, aliyekuwa amepanda ngazi, akanipa kitu, nikakichomeka, nikakizungushia kamba, nikavuta, nikafunga fundo la baba yangu. Lilikaa sawasawa. Nikashuka jua likiwa limegusa kilima. Ningeapa mbele ya hakimu kwamba sikumkumbuka Makori hata kidogo. Mtu aliyezama katika kazi hana chungu wala mrija, ana kazi tu. Nilikuwa njiani kwenda nyumbani, nikipiga mluzi, nilipogeuka kulitazama paa langu mara ya mwisho, nikaona egechuria imesimama juu yake, imenyooka, nyeusi, anga lote likiwa nyuma yake.

Mluzi ukanikauka mdomoni.

Jumamosi Makori alinikuta kitandani.

"Nenda ukautoe!"

"Mzee Makori, leo Sabato. Boma lile halifanyiwi kazi leo."

"Tangu lini wewe ukawa Msabato?"

"Tangu jana jioni," nikasema, na kwa kweli sikumbuki hofu nyingine iliyonifanya mcha Mungu haraka hivyo. Akaondoka akiahidi kurudi Jumapili na wazee.

Lakini Jumamosi ndiyo siku Wasabato wa vilima vyote vile hupita njia ile kwenda kanisani, na nyumba ya Roda iko juu ya njia. Walipita asubuhi wakautazama mti. Walipita jioni wakautazama tena. Usiku haujaingia vizuri, habari ilikuwa imefika mbali kuliko ambavyo Obwocha mwenyewe angeweza kutembea: yu hai, nyumba yake imesema. Wanawake walimletea Roda ndizi za kumpongeza. Mtu mmoja aliniamkia kwa mikono miwili na kuniuliza nilipata wapi habari.

Jumapili tukakutana uani kwa Roda. Makori alikuja na wazee wawili wa ukoo. Roda alisimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani. Nilijua anachosubiri. Mti ukitoka mbele ya wazee, kabla ya msimu kwisha atakuwa mke wa tatu wa Makori, na Walter atakuwa mtoto wa kufukuzwa shambani kwa baba yake.

"Ngazi ile pale," akasema Makori. "Kitoe kijiti chako."

Ningependa kusema kwamba nilisimama imara. Nilishika ngazi. Niliiegemeza kwenye ukuta, nikaweka mguu kwenye kipago cha kwanza, na nilikuwa tayari kutoa mti, kutoa paa lote kama angetaka, kisha kwenda nyumbani kula. Ndipo Makori akawageukia wazee, akacheka.

"Mnamwona anavyojivuta? Ni nyasi tu na kijiti, lakini analia kama anavunjiwa nyumba yake."

Ni nyasi tu. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, niliyowaambia watu waliolowa vitandani mwao kwa miaka. Sijui kwa nini yaliniuma yakitoka kwa mwingine. Niliinua macho nikaona upande ule wa mlango, ule nilioupanga mara tatu, nyasi zake zimekaa pamoja hata upepo haukupata pa kuingiza ukucha. Hasira ikanipanda, hasira halisi, ya mtu aliyetukaniwa kitu chake. Nikashuka kile kipago kimoja.

"Kama ni nyasi tu na kijiti," nikasema, "panda wewe."

Makori akanitazama.

"Ngazi ni nzuri," nikasema. "Mimi mwenyewe huogopa kupanda, lakini wewe huogopi kitu. Panda. Ila unapopita upande huu, usiniharibie safu."

Hakupanda. Akamtazama mzee wa kwanza, mzee akaitazama miguu yake. Akamtazama wa pili, huyo akawa anachunguza migomba. Ndipo nikaelewa, polepole kama ninavyoelewa kila kitu. Ndugu hatoi mti wa ndugu yake aliye hai, maana atakuwa amemzika kwa mkono wake, na laana ya kitendo hicho haina dawa. Ndiyo maana walitaka iwe mvua. Ndiyo maana walitaka niwe mimi, mtu wa ukoo mwingine, mlevi, ambaye mkono wake si mkono wa mtu. Mbele ya ukoo ule wote, mwenye uwezo wa kumwua au kumwacha hai Obwocha alikuwa mtu wa nyasi.

Mzee wa pili akakohoa. "Makori," akasema, "Obwocha tulimlilia lini?"

"Hatujamlilia."

"Nani alinyoa nywele?"

"Hakuna."

"Tulichinja nini?"

Makori akageuka kuitazama njia ya kurudi kwake.

"Basi mti ukae," akasema yule mzee. "Atakayeleta habari ya kweli aje nayo, tulie kama watu. Tusizike mtu kwa kutumia fundi."

Wakaondoka. Makori hakunialika tena kwenye chungu chake, na hilo lilikuwa pigo ambalo sitaki kulipunguza.

Roda akaja akasimama kando yangu, tukalitazama paa. Nilisubiri shukrani. Nilikuwa hata nimetayarisha uso wa kuipokelea.

"Nyuma kule umeacha nyasi fupi," akasema.

"Wapi?"

"Nitakuonyesha." Kisha sauti yake ikawa si ile ya kunirushia matita. "Onchiri, siku nitakapojua, kama ni kujua, nitakuita wewe uje uutoe. Sitamwita mwingine. Usipoitwa, usiuguse."

Nilifurahi. Nasema wazi kwa sababu sijazoea: nilifurahi sana. Sikuwahi kuwekewa kazi na mtu kwa jina langu, na hii ilikuwa kazi ambayo wote wawili tuliomba isije.

Vita vikaisha, wanaume wakarudi na makoti mazito na masanduku ya bati. Obwocha hakurudi, wala habari yake. Makori akazeeka, akaacha kuuliza. Mimi nikaendelea kuezeka. Sikuacha pombe, msinifikirie makuu, lakini niliihamishia jioni, baada ya kazi, na mapaa yangu yakaanza kusimama wima. Nyumba ya Roda niliiezeka upya mara mbili zaidi. Kila nikifika kileleni niliushika ule mti mkononi nikamwita aliye chini.

"Mama Walter! Niuweke?"

"Nimekuita?"

"Hujaniita."

"Basi weka."

Mwaka wa 1958 Walter alikuwa mwalimu, na walimu wakapatwa na ugonjwa wa mabati. Akamjengea mama yake nyumba ya pembe nne, akaleta fundi kutoka Kisii mwenye penseli sikioni. Nilipita pale nikatazama yale mabati yaking'aa, nikajua kwamba kazi ya baba yangu imekufa, na hapakuwa na kijiti cha kuitolea. Nikaenda zangu nyumbani kulala.

Walter akanifuata. "Baba Onchiri, mama amekataa kuingia. Anasema nyumba haina mti. Fundi anacheka, anasema bati halichomekwi kijiti. Mama anasema basi aitwe anayejua."

Nikaenda Kisii kununua lami na misumari. Farah, mvi kichwani, akaniuliza bado nafanya kazi gani.

"Mimi ni mwezekaji," nikasema. "Wa nyasi."

"Na misumari ya mabati ya nini?"

"Hata mimi sijui," nikamwambia, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Nikapanda. Bati lilikuwa la moto na lenye kuteleza, na magoti yakakumbuka tabia yao ya zamani. Nikalitoboa bati jipya la mwalimu kwa msumari na nyundo huku fundi wa Kisii ameziba macho. Nikauchomeka mti, nikaufunga kwa fundo la baba yangu kwenye boriti, nikazungushia lami kama mwanamke anayesiriba ukuta. Roda akautazama kutoka chini, akachukua mkeka wake, akaingia.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ileile. Maji yakaufuata mti taratibu, yakapita kwenye fundo, yakadondoka katikati ya sebule juu ya meza mpya. Nimerudi pale na lami zaidi ya ninavyopenda kukumbuka. Kiangazi lami inaziba, masika inafunguka. Leo ukipita Kebirigo utaonyeshwa nyumba yenye paa la gharama kuliko zote, na utaambiwa ndiyo pekee inayovuja. Watu wakiuliza fundi alikuwa nani, nainua mkono. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Ila ya nyumba hii naijua, ni yangu mwenyewe.

Masika haya nilikwenda tena. Mvua ilikuwa inanyesha, na Roda alikuwa amesogeza meza na kuweka karai pale chini ya mti. Tulikaa tukisikiliza matone. Amezeeka, na mimi pia.

"Mama Walter," nikasema, "naona haya. Fundi mzima. Mtoto anataka kuziba, watu wananicheka. Nikiutoa, utakaa pakavu."

Akainua macho hadi pale bati lilipotoboka, akautazama mti kwa muda mrefu.

"Nimekuita?"

"Hujaniita."

"Basi kunywa uji."

Nikanywa uji.